Saa Iliyofungwa kwa Pini

Katika chumba cha upasuaji kila kitu huhesabiwa. Makasi, koleo, sindano, vitambaa vya kunyonya damu, vyote huhesabiwa kabla mgonjwa hajachanwa, na huhesabiwa tena kabla hajashonwa. Daktari hagusi uzi mpaka asikie sauti kutoka kwenye meza ya vyombo ikisema, "Hesabu imetimia." Kwa miaka mingi sauti hiyo ilikuwa ya mwanamke mmoja mpole, mnene wa wastani, anayetembea kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Kazi yake ilikuwa kuosha, kupanga na kuhesabu vyombo vya upasuaji, na hospitali nzima ilimwita Mama Roketi.

Jina hilo alipewa na mumewe, fundi cherehani, mtu wa maneno mengi. "Wake wa wenzangu wanakusanya vikombe vya kabatini," alikuwa akiwaambia wateja wake, "wangu anakusanya saa za watu waliokwenda angani. Iko siku nitaamka nikute kitanda kimeshapaa na mimi nimo."

Ni kweli alikusanya. Hazikuwa nyingi, zilienea zote kwenye kopo la biskuti alilolitandika pamba. Zilikuwa saa za mkono za zamani, zilizotolewa kwa kumbukumbu ya safari za angani, kila moja na safari yake: ya kutua mwezini, ya mtu wa kwanza kutoka nje ya chombo na kuelea kwenye utupu, na nyingine ya kumkumbuka yule mbwa aliyepelekwa juu peke yake, masikini, asijue anakwenda wapi. Hiyo ya mbwa hakuivaa hata siku moja, kwa huruma. Aliitia ufunguo mara mojamoja tu, isijione imetupwa.

Ya kwanza kabisa aliiokota kwa muuza vitu chakavu, katikati ya kufuli na miwani isiyo na mkono mmoja. Alipoona mwezi umechorwa mgongoni mwake alidhani ni saa ya kuhesabia miezi. Akaivaa hivyohivyo, kwa raha zake, mpaka fundi wa vioo alipokuja hospitalini kubadilisha dirisha lililopasuka. Mzee yule alimshika mkono katikati ya kibaraza, bila hata salamu.

"Mama, unajua umevaa nini?"

"Saa."

"Saa! Haya, na mimi nimebeba dirisha la jikoni. Mama, hiyo ni saa ya watu waliokanyaga mwezi!"

Alipomweleza, Mama Roketi alikaa chini kwenye benchi la wagonjwa. Kilichomgusa hakikuwa mwezi. Zilikuwa habari za wale watu ndani ya chombo chao, kwamba hewa waliipimiwa, maji waliyapimiwa, na kosa dogo la hesabu lingewamaliza wote. Akasema moyoni: Ee Mungu, kumbe na wao wako kwenye chumba cha upasuaji. Tangu siku hiyo akawa amepata ndugu. Mzee Vioo, ndivyo walivyomwita, alikuwa mtu wa pili na wa mwisho aliyemjua kuwa na ugonjwa huo wa saa.

Sasa, Mzee Vioo alikuwa na moja iliyomnyima Mama Roketi usingizi. Uso wake ulikuwa wa buluu iliyokolea, na katikati dunia ndogo imechorwa. Haikuwa na mshale wa sekunde. Mahali pake palikuwa na chombo chekundu, kidogo kama punje ya mtama, kimegandishwa kwenye kijiti chembamba, kikiizunguka ile dunia bila kuchoka. Ilitolewa kwa kumbukumbu ya mtu wa kwanza kuizunguka dunia kutoka juu. Ilikuwa mali ya marehemu kaka wa mzee, dereva wa malori ya safari ndefu, ambaye aliinunua mbali na kuirudisha nyumbani imefungwa kwenye soksi. Mzee hakutaka hata kusikia habari ya kuitoa.

Lakini macho ya mzee yakaanza kumsaliti. Ukungu ulimwingia taratibu, jicho la kulia kwanza, kisha la kushoto likafuata mwenzake. Saa za uso mdogo hakuzisoma tena. Siku moja aliishika ile ya Mama Roketi, ya kutua mwezini, yenye uso mweusi na mishale minene myeupe, akaisogeza karibu na pua. Kisha akasema polepole, "Binti yangu, hii naiona."

Ndivyo mabadilishano yalivyoanza. Wao wawili walikuwa na desturi yao waliyojitungia wenyewe: saa haibadilishwi hivihivi. Kila mmoja hukaa kwanza wiki nzima na saa ya mwenzake, na wiki hiyo waliiita uchumba. Mzee aliamini kuna saa hukataa mikono ya watu wengine. Huchelewa, husimama, hununa. Tena alikuwa na sharti asilolilegeza.

"Iwe mwilini mwako kila siku, kazini na nyumbani. Ukiiacha kabatini utakuwa umeoa picha."

"Mzee wangu, kwenye upasuaji haturuhusiwi kitu mkononi. Hata pete tunavua."

"Mwilini, nimesema. Sikusema mkononi."

Basi Mama Roketi akatafuta njia. Kila asubuhi alipovaa lile shati la kijani la chumba cha upasuaji, aliiweka saa kwenye mfuko wa kifuani, akachukua pini kubwa ya kufungia nepi, akaipitisha kwenye mkanda wa saa na kitambaa cha mfuko kwa pamoja, akaibana. Aliivuta mara mbili kuhakikisha. Siku zikapita, saa ikitembea vizuri juu ya moyo wake, na yeye akianza kuiita yangu kimoyomoyo, kisha kuomba msamaha kwa kuiita yangu.

Siku ya mwisho ya uchumba ndiyo waliyoletewa mama aliyegongwa na pikipiki. Ilikuwa kazi nzito. Mama Roketi alisimama mezani mpaka magoti yakawaka moto, akihesabu vitambaa vikitoka vimelowa, akihesabu tena, kitambaa kimoja kikajificha, daktari akasubiri na uzi mkononi, jasho likimtiririka. Kilipopatikana chini ya meza, kila mtu alishusha pumzi. "Hesabu imetimia," akasema.

Shati lake lilikuwa limelowa jasho mpaka mgongoni. Alilivua kwa haraka katika chumba cha kubadilishia, akalitupa kwenye kapu la nguo chafu, akavaa gauni lake. Muuguzi mkuu akamwita kutoka ukumbini: mama wa mgonjwa amezimia kwa hofu, njoo umshike mkono, wewe ndiye unayejua kuongea na watu. Akaenda. Alimshika mkono yule bibi, wakasali wote wawili, wakanywa maji kikombe kimoja. Yule bibi alipotulia ndipo Mama Roketi akapeleka mkono kifuani kwa mazoea ya wiki nzima, aguse ile duara ngumu.

Akagusa gauni.

Wanaomjua wanasema hawajawahi kumwona akikimbia kabla ya siku hiyo. Kapu lilikuwa tupu. Mfagiaji akamwambia toroli limeshapita, nguo zimekwenda kwa madobi. Akashuka ngazi za nyuma ameshika gauni lake kwa mikono miwili, kandambili zikipiga kelele sakafuni, midomo ikicheza: Bwana wangu, si yangu, ni ya watu. Si yangu, ni ya watu.

Nyumba ya madobi ilikuwa nyuma ya hospitali, karibu na chumba cha tangi la mvuke. Ndani kulikuwa na joto la kubana kifua na harufu ya dawa ya kufulia inayopanda mpaka machoni. Mkuu wa hapo alikuwa mwanamume mfupi mwenye sauti ndefu, aliyeitwa Bosi wa Mapovu. Alipomwona akapanua mikono.

"Mama Roketi! Leo umekuja kututupa juu?"

"Mashati ya kijani ya upasuaji. Yako wapi?"

"Umeingiaje na uso huo? Kuna mtu amefariki?"

"Mashati, kaka yangu. Saa ya watu imo mfukoni. Yako wapi?"

Bosi wa Mapovu akaacha mzaha. Alimwonyesha pipa la maji baridi ambamo nguo zenye damu hulowekwa kwanza. Mama Roketi hakusubiri glavu. Alizamisha mikono mpaka viwikoni, akatoa nguo moja baada ya nyingine, maji mekundu yakimchuruzikia mapajani, akipapasa kila mfuko. Hakuna. Lake halikuwa na damu. Lilikuwa na jasho tu.

"Yasiyo na damu hatuloweki," alisema Bosi wa Mapovu, akikuna shingo. "Yanakwenda moja kwa moja kwenye mashine. Lakini usiwe na wasiwasi. Mimi hakuna kitu kinachopita hapa. Kila nguo naipindua na kuikung'uta kwa mikono yangu. Nimeshakung'uta makasi, simu, hata meno ya bandia ya daktari mmoja, simtaji. Kama saa ilikuwemo, ingedondoka."

"Haikudondoka," alisema Mama Roketi.

"Umejuaje?"

"Niliifunga kwa pini."

Walitazamana. Nyuma yao mashine kubwa ilikuwa inanguruma, na maji ya moto yakipiga kelele ndani ya mabomba yake. Bosi wa Mapovu alirukia kitufe, akakibonyeza kwa kiganja kizima. Mngurumo ukashuka kidogo, lakini ngoma iliendelea kuzunguka.

"Fungua!"

"Haifunguki ikiwa na maji. Ikifunguka tunaungua wote wawili. Lazima imwage kwanza, na haimwagi kwa kuombwa, hii ni mkaidi kuliko shemeji yangu."

Mlango wa mashine ulikuwa na dirisha la duara, kioo kinene kilichobenuka. Mama Roketi akasogeza uso pale mpaka pumzi yake ikakifukiza kioo. Ndani palikuwa na povu jeupe na nguo za kijani zikipanda, zikianguka, zikipanda. Kila mara kitu kigumu kilisikika kikigonga chuma, *tang*, kisha kimya cha nguo, kisha *tang* tena. Kila kilipogonga, yeye alishtuka kama aliyechomwa sindano. Ghafla mfuko wa kifuani ukabandikwa kwenye kioo mbele ya macho yake, na kwenye mdomo wa mfuko akaiona: buluu, duara, imetazama nje. Ikapita. Povu likafunika.

Akaweka paji la uso kwenye kioo cha moto, hakulitoa.

Maji yalipokwisha na mlango ukakubali, shati lilikuja likiwa zito na linafuka mvuke. Pini ilikuwa palepale, imebana vilevile alivyoibana, wala haikupinda. Alitamani kuilaani, akajizuia. Aliifungua. Saa ilikuwa ya moto kiganjani. Kioo kilikuwa na ukungu kwa ndani, na chini ya ukungu dunia ndogo ilionekana, lakini kijiti chembamba kilikuwa hakina kitu nchani. Chombo chekundu kilikuwa kimeachia. Kilikuwa kimelala chini kabisa, karibu na tarakimu ya sita, na saa ilipoinamishwa kiliteleza upande wa pili kikitoa sauti ndogo kama mchanga. Akaiweka sikioni. Kimya.

Bosi wa Mapovu alimletea stuli na taulo kavu. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliokuwa hatari saa ile.

"Mwenyewe si ndiye yule mzee wa vioo? Yule haoni vizuri, siku hizi anapapasa. Ikaushe kwenye mchele siku mbili, umpelekee. Mwambie imesimama yenyewe. Saa ya zamani ikisimama nani atashangaa? Gundi nayo imezeeka, imeachia. Huo ni uongo?"

Mama Roketi akaanza kuifunga saa kwenye leso.

"Sikiliza, dada. Ukimwambia ukweli, umempa nini? Uchungu tu. Wewe mwenyewe si unasema saa zake huwa zinanuna?"

Hilo ndilo lililomfuata njiani. Miadi ilikuwa jioni ileile. Alitembea na saa ameifunga kwenye leso, leso ameifumbata, na katika kila kona alikuwa na maneno mapya mdomoni. Imenuna, mzee wangu. Imekataa mkono wangu. Yangekuwa maneno ya kwake mwenyewe mzee, yangemwingia bila kugonga. Kisha angeichukua saa yake mbovu, angeilaza taratibu, na angebaki ndugu. Kwa ukweli, je? Nani mwingine hapa duniani angemuuliza habari za yule mbwa? Aliomba dua fupi, ya aibu, ya kwamba mzee asiwepo. Akafika, mzee yupo.

Karakana ilikuwa finyu, vioo vimeegemezwa ukutani kila upande, na mzee amekaa katikati akipitisha kidole gumba pembeni mwa kioo kimoja, akitafuta mahali pasipo laini. Mkononi mwake ile saa ya mishale minene. Kabla hajakaribishwa kukaa, mzee alianza.

"Binti yangu, njoo nikuambie. Nimelala nimeivaa. Naamka, naangalia, naona! Sijaona saa kwa macho yangu mwenyewe sijui tangu lini. Juzi mteja kaniambia nimechelewa, nikamwambia ewe bwana, aliyechelewa ni wewe, nikamsogezea mkono. Kanyamaza." Akacheka peke yake. "Hii imenikubali. Yangu je? Imekukubali?"

Hapo palikuwa na nafasi ya uongo. Mlango ulikuwa wazi kabisa, wa kupita bila kuinama.

"Nimeiua, mzee wangu," alisema Mama Roketi.

Akamweleza yote akiwa amesimama: pini, shati, kapu, maji ya moto, dirisha la mashine. Hakumtaja yule bibi aliyezimia, maana aliona angejisafisha naye. Akaiweka leso kwenye magoti ya mzee.

Mzee Vioo hakuifungua. Alivua kwanza saa ya Mama Roketi kutoka mkononi, taratibu, tundu kwa tundu, akamnyooshea.

"Chukua. Uchumba umevunjika."

"Mzee wangu, baki nayo hiyo, mimi…"

"Chukua! Siwezi kukaa na mali yako wakati yangu huna cha kunirudishia."

Akaichukua. Mzee aligeuza uso kwenye saa ya ukutani, kwa mazoea, akakunja macho, akayakunja zaidi, akaacha. Mama Roketi aliliona hilo, na likamuuma kuliko ukali. Mlangoni palikuwa karibu, lakini miguu ilikataa.

Mwishowe mzee akafungua leso. Akaipapasa saa kwa kidole gumba kama anavyopapasa vioo. Akaitikisa sikioni. Chombo chekundu kikateleza ndani. Akaitikisa tena.

"Hicho ni nini?"

"Ni chombo. Kimeachia dunia."

Nje mtu alipita akiburuta mkokoteni.

"Ulisema uliiona kwenye dirisha."

"Niliiona mara moja, mzee wangu. Dirisha la duara. Nje yake mimi, ndani yake povu jeupe tupu. Ilikuwa inaelea. Haina juu, haina chini. Ikanitazama, ikapita."

"Inaelea."

"Inaelea na kuzunguka."

Mzee aliinamisha kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mama Roketi akadhani analia, akapiga hatua. Kumbe kicheko kilikuwa kinamtoka kwa shida, kama bomba lililoziba muda mrefu.

"Kaka yangu," alisema, akifuta macho, "aliificha kwenye soksi. Akafa hajaivaa hata harusini. Na mimi nikairithi nikaifungia. Saa ya mtu aliyeizunguka dunia, binti yangu, nayo haijawahi kufika hata dukani! Imekaa kabatini miaka yote hiyo ikisoma habari za wenzake." Akavuta pumzi. "Sasa siwezi kukupa tena."

"Najua."

"Hujui. Siwezi kukupa kwa sababu sasa ndiyo naitaka. Hii imesafiri."

Sauti yake ilikuwa bado na ukali kidogo, tena hakumwangalia aliposema. Hasira haikuwa imetoka yote, ilikuwa imekaa pembeni tu ikisubiri kuondoka. Mama Roketi aliielewa, akaiachia nafasi yake. Alijua pia kwamba ile buluu hataiweka kamwe kwenye kopo lake la biskuti. Aliliacha hilo nalo likae.

Kisha akachuchumaa mbele ya mzee, akaushika mkono wake mkavu wenye makovu ya vioo, na kumvalisha tena ile saa ya mishale minene. Mzee akataka kuuvuta mkono. Akamshikilia, kwa ule utaratibu wake wa kumshika mgonjwa asiyetaka sindano.

"Uchumba haujavunjika," alisema. "Bibi harusi anaumwa tu. Mpaka fundi aifungue, aikaushe, akirudishe chombo mahali pake, hii inakaa hapa. Ndiyo desturi."

"Desturi gani? Tangu lini?"

"Tangu leo. Na ile ya kwanza tuliitunga sisi wenyewe, au ilitoka mbinguni?"

Mzee akaguna. Lakini mkono haukuvutwa tena.

Alipofika mlangoni, Mama Roketi alitazama kifundo cha mkono wake, kitupu, na alama nyeupe ya mkanda wa zamani. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mapaa, na mumewe bila shaka alikuwa ameshaanza kuwauliza majirani kama kuna chombo kilichoonekana kikipaa. Akageuka.

"Saa ngapi, mzee wangu?"

Mzee Vioo aliinua mkono, akausogeza karibu na pua, akauinamisha kidogo kufuata mwanga. Hakufanya haraka.

"Saa kumi na mbili kasoro dakika tano," alisema. "Kasoro nne sasa. Nenda, utachelewa sala."